Ghorofa Bila Nyama

Mama Mkubwa wangu hujenga ghorofa. Mtu akimuuliza anafanya kazi gani, hilo ndilo jibu lake, halafu hunyamaza makusudi amwangalie mwenzake anavyomkagua kuanzia viatu hadi kilemba akitafuta vumbi la saruji. Kwa mchezo huo amewahi kupewa kiti cha mbele kwenye harusi ya watu. Nilikuwa naye siku hiyo na sikufungua mdomo kumsahihisha mtu, maana na mimi nilipata kiti.

Ukweli ni kwamba Ghorofa ni hambaga. Ndiyo inayouza jina la kampuni yetu katika matawi yake yote: picha yake iko juu ya mlango, iko kwenye vikombe, iko kwenye mifuko, iko hadi kwenye migongo yetu sisi wafanyakazi. Ina nyama mbili za duara zilizotenganishwa na mkate wa kati, jibini inayoyeyuka kila upande, saladi, vitunguu, vipande vya tango la siki, na sosi ya rangi ya chungwa ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuambiwa imetengenezwa kwa nini. Na kwa kuwa binadamu haridhiki, kampuni imeizalishia ndugu. Kuna Ghorofa ya Kuku, Ghorofa ya Samaki, Ghorofa ya Mboga ambayo ndani yake ni maharage yaliyopondwa na kukaangwa, Ghorofa ya Moto yenye pilipili ya kumliza mtu mbele ya mchumba wake, na ile ndogo ya watoto inayoitwa Kibanda. Mteja akitaka kubadilishiwa kitu, bila kitunguu, bila sosi, jibini iongezwe, sisi tunaita ukarabati. Mimi niko kaunta, napokea oda. Nikipaza sauti, "Ghorofa moja, ukarabati!" jikoni wanajua kuna mtu amekuja na mambo yake.

Mama Mkubwa yuko kwenye meza ya kujengea, nyuma ya dirisha dogo la kupitishia trei. Hapo wanamwita Injinia. Wageni wa kazi hushangaa wakifika, kwa sababu Ghorofa haianzi chini. Inaanza na paa. Unalaza mkate wa juu kifudifudi kwenye karatasi, ufuta ukiwa chini, unapaka sosi, unapanga vitunguu na saladi, jibini, nyama, mkate wa kati, jibini tena, nyama tena, na mwisho kabisa mkate wa chini. Kisha unaibinua yote kwa mkupuo mmoja, ikae kwa miguu yake. Asiyejua kuibinua huishia na maporomoko. Mama Mkubwa huibinua akiwa anaongea na mtu mwingine, tena mara nyingi anamgombeza huyo mtu. Kazi imemwingia mpaka nyumbani. Ukimkuta anapanga nguo kwenye sanduku, ya kuvaa kesho ameitanguliza chini kabisa, halafu anageuza sanduku zima. Nimekaa kwao tangu nilipokuja kusoma, nimeshazoea.

Mumewe, Baba Mkubwa wangu, ni fundi wa lifti. Walikutana pale pale mgahawani, na kisa chao kimesimuliwa katika kila sherehe ya ukoo hadi watoto wanakijua. Lifti ya jengo lile ilikuwa imekwama. Fundi, wakati huo kijana mwembamba mwenye mkoba wa vifaa mkubwa kuliko yeye, aliposhuka akaagiza Ghorofa. Injinia alikuwa mgeni wa kazi, meneja wa wakati ule amemsimamia kichwani. Akapanga, akabinua, akapeleka. Fundi akala, akafuta mdomo, akashukuru, akaenda zake. Ndipo binti wa watu akageuka na kuziona nyama mbili zimekaa kwenye sahani yake pembeni, zinamtazama. Alimpelekea mtu mkate na majani.

Alilia chooni, anasema, akijua kazi imeota mbawa. Kesho yake fundi akarudi, akaagiza tena. Binti akamfuata mezani kumwomba radhi. "Kaka, jana mbona hukusema?"

"Niseme nini? Ilikuwa nzuri," fundi akajibu. "Mkate ulikuwa laini sana."

Mama Mkubwa akifika hapo kwenye kisa, watu hucheka na yeye humtazama mumewe kama vile ni juzi. Mimi kisa hiki nakipenda na pia kinaniudhi. Maana Baba Mkubwa hakubadilika. Mtu huyu, katika ndoa yote hiyo, hajawahi kurudisha sahani. Chumvi ikizidi, anaongeza maji ya kunywa. Shati likiungua pasi mgongoni, anavaa koti siku ya jua kali. Nampenda sana mzee yule, lakini kuna siku natamani apige meza hata mara moja tujue yumo.

Kila Jumamosi mchana alikuja na mkoba wake, akakaa kwenye meza iliyo karibu na dirisha la jikoni, akala Ghorofa. Hakuna mtu mwingine aliyeruhusiwa kuijenga. Mama Mkubwa angeacha oda ya mheshimiwa yeyote. Kisha angechungulia dirishani, mzee angenyanyua dole gumba, na kazi ingeendelea. Ndivyo mapenzi yao yalivyokuwa, hayakuwa na maneno mengi.

Halafu yakaja meno.

Magego ya Baba Mkubwa yalikuwa yameisha moja baada ya jingine bila yeye kulalamika, kama kawaida yake. Mama Mkubwa ndiye aliyemburuta kwa daktari wa meno akatengenezewa ya bandia, meupe, yamejipanga vizuri. Alifurahi kuliko mwenye kinywa. Mgeni akiingia tu mlangoni, "Baba, hebu cheka wakuone!" Na mzee wa watu anacheka.

Jumamosi ya kwanza na meno mapya alikuja, akaletewa Ghorofa yake, nami nikawa na foleni ndefu. Nilipoinua kichwa nikamwona anaelekea msalani haraka haraka, mkononi ameshika kitu alichokifunga kwenye karatasi. Hakurudi mezani. Jumamosi iliyofuata hakuja. Iliyofuata, alisema ana lifti imekwama. Iliyofuata tena, lifti nyingine. Mji mzima ulikuwa umekwama kila Jumamosi mchana.

Mama Mkubwa mwanzoni hakushtuka. Alisema labda mzee ameichoka ile ya kawaida, kwa hiyo akaanza kumbebea zile nyingine nyumbani. Jioni moja ya kuku, jioni nyingine ya samaki. Alipomletea ya mboga alijaribu kuipigia debe kama muuza dawa. Baba Mkubwa kila mara alisema, "Asante, mama, nitaila baadaye, sasa hivi nimeshiba," na asubuhi karatasi ilikuwa tupu. Mama Mkubwa akaridhika. Alifika mpaka kwenye Ghorofa ya Moto.

Ndipo mlinzi wa jengo tunaloishi, kijana mpole asiyejua kupika majungu, akamsimamisha getini.

"Shikamoo, mama. Asante kwa ile ya samaki, ilikuwa tamu kweli. Ila mwambie mzee hii ya jana pilipili imezidi, sijalala."

Nilikuwa nyuma yake na mfuko wa vitunguu. Nilimwona bega lake likishuka.

"Marahaba, mwanangu," alisema. "Nitamwambia."

Hakumwambia. Nilitegemea moto uwake, maana Injinia ninayemjua angepanda ngazi huku anafoka tangu ghorofa ya kwanza. Akaingia, akamkuta Baba Mkubwa na gazeti lake, akamsalimu, akapika wali na mboga laini, mzee akala vizuri tu. Hilo ndilo lililomchoma. Chakula cha nyumbani anakula. Anachokimbia ni kile alichokipenda tangu ujana, kile anachokijenga yeye kwa mkono wake kazini.

Wiki hiyo hakumgombeza mtu yeyote jikoni. Ghorofa zilitoka sawa, lakini alikuwa anazikagua mara mbili mbili, ananusa sosi, anabonyeza mkate kwa kidole. Ijumaa tukiwa tunabadilisha nguo aliniambia bila kunitazama.

"Nimeongea na meneja. Mwisho wa mwezi nakabidhi aproni."

"Unakabidhi nini?"

"Mkono umeisha, mwanangu. Wateja wengine hawajui, wanakula njaa zao. Lakini yule anaujua mkono wangu toka siku ya kwanza. Ghorofa bila nyama aliila akaimaliza. Leo hii namwekea kila kitu, anampa mlinzi." Akakunja aproni yake, akaikunjua, akaikunja tena. "Mtu kama yule hawezi kukwambia. Anakuonyesha."

Nilimwambia asinitie wazimu. Nilimwambia mengine pia ambayo mtoto mwenye adabu hamwambii mama yake mkubwa. Niliogopa sana, kwa sababu bila ile meza sijui Mama Mkubwa angekuwa nani. Kila kitu anachokijua amekijulia pale, pamoja na mumewe.

Kesho yake, Jumamosi, nilipopata mapumziko sikula. Nilitoka kumtafuta Baba Mkubwa nikiwa na sare yangu na hasira zangu. Sikwenda mbali. Nyuma ya jengo la posta kuna kibanda cha juisi cha mama mmoja mjane mwenye kicheko cha kusikika mtaa wa pili, na pale kwenye benchi, mkoba wa vifaa miguuni, alikuwa amekaa fundi wetu wa lifti anafyonza juisi ya parachichi kwa mrija. Nikasema kimoyomoyo, haya basi, kumbe ni hivi.

"Baba Mkubwa."

Alishtuka, mrija ukabaki unaning'inia mdomoni. "Mwanangu! Leo huko kazini?"

"Niko mapumziko. Wewe je, lifti iko wapi?"

Akatazama huku na huku kama lifti ingejitokeza kumtetea. Mjane akacheka. "Mwache mzee wa watu ale," alisema. "Hawezi kutafuna, maskini."

Nilimtazama Baba Mkubwa vizuri. Mashavu yalikuwa yameingia ndani. Akashusha pumzi, akatoa leso kwenye mfuko wa shati, akaifungua juu ya goti. Meno yalikuwa humo, meupe, yamejipanga vizuri.

"Yanaumiza," alisema. "Yananikata ufizi. Nyumbani najikaza, navunja tonge dogo dogo. Lakini Ghorofa inataka mdomo wote ufunguke na nyama zile zinataka kung'atwa. Siku ile niling'ata, nikavuta, mkate ukaondoka na meno. Yalibaki mle ndani, mwanangu. Yamechomekwa kwenye jibini."

Nilicheka, Mungu anisamehe. Mjane naye akacheka. Baba Mkubwa alingoja tumalize.

"Sasa kwa nini humwambii?" niliuliza.

"Nimwambieje? Ameyatangaza kwa ukoo mzima. Anayafurahia kuliko pete ya ndoa. Nikisema yanauma, ataumia."

"Ameshaumia! Mlinzi amemshukuru kwa samaki!" Nikamweleza yote, aproni, mwisho wa mwezi, mkono umeisha. Rangi ilimtoka usoni. "Wewe lifti ikikwama unawaambia wenye jengo wangesema mapema. Meno yamekukwama mdomoni huwezi kumwambia mke wako?"

"Mwambie wewe," alisema polepole. "Wewe una mdomo."

"Simwambii. Amesubiri kusikia kitu kutoka kwako, atakisikia kutoka kwako. Jumamosi ijayo usipokuja, mimi sikujui."

Nikarudi kazini nikiwa nimechelewa, na meneja alinipa maneno yangu.

Wiki ile ilikuwa ndefu. Nilimwangalia Baba Mkubwa nyumbani akifungua mdomo na kuufunga, akikaribia kusema kitu halafu anaomba apewe maji. Mara mbili tatu niligonga kijiko mezani kumsukuma. Ilifika mahali Mama Mkubwa akaniuliza kama nina shida na vijiko vyake.

Jumamosi mchana foleni ilikuwa inafika mlangoni. Nilikuwa napokea oda bila kuangalia sura, ya kuku, ya kawaida, Kibanda na chipsi, ya Moto bila tango, mpaka nikasikia harufu ya grisi ninayoijua. Hakwenda kukaa kwenye meza yake. Alikuwa amepanga foleni kama mteja yeyote, mkoba begani, na sasa alikuwa mbele yangu anashika ukingo wa kaunta kwa mikono miwili.

"Karibu," nilimwambia. "Nikuhudumie nini?"

Alikohoa. "Naomba Ghorofa." Akameza mate. "Bila nyama."

Nilielewa papo hapo. Nikageukia dirisha, nikapaza sauti kuliko ilivyohitajika. "Ghorofa moja, ukarabati! Bila nyama!"

"Ya mboga?" aliuliza kijana wa kwenye tanuri.

"Si ya mboga! Ya kawaida, bila nyama!"

"Hiyo nayo ni nini sasa?"

Mama Mkubwa alikuwa ameinamia meza. Aliinua uso, akachungulia dirishani kuona ni mteja gani mwenye kichwa hicho, na akamwona. Alimsukuma kijana kwa kiwiko, akachukua mkate wa juu, akaulaza kifudifudi. Macho yalikuwa kwa mumewe muda wote, hayakugusa meza hata kidogo. Mikono ikajiendea yenyewe. Akabinua, akafunga karatasi, akasukuma trei, na wala hakusubiri dole gumba. Alirudi nyuma ya friji nisimwone.

Baba Mkubwa alibeba trei hadi kwenye meza yake, akaketi, akafungua karatasi. Mimi nilikuwa namhudumia dada mmoja mwenye watoto, jicho langu moja liko kule. Na nikaona. Kwenye ubavu wa ile Ghorofa, chini ya jibini, nyama zilikuwa zimechungulia, zote mbili. Siku ya kwanza walipokutana Mama Mkubwa alizisahau. Leo ameambiwa aziache, mkono umeziweka wenyewe.

Baba Mkubwa naye alikuwa ameziona. Akakaa akizitazama. Kisha akanyanyua Ghorofa kwa mikono miwili, akaanza kufungua mdomo. Anaila, nilijiambia. Ataila mpaka imuue, hatasema.

Akaishusha.

Akasimama na trei yake, akapita kando ya foleni yote, akafika dirishani na kugonga kwa kidole.

"Injinia," alisema. "Umekosea. Nyama imo."

Jikoni wote waliacha walichokuwa wanafanya. Kijana wa tanuri alibaki na koleo hewani. Mama Mkubwa akatoka nyuma ya friji, macho mekundu, akasogea mpaka dirishani.

"Unasemaje?"

"Nasema nyama imo. Nimeagiza bila nyama." Akaisogeza trei kwenye dirisha. "Siwezi kuitafuna. Meno haya yananiumiza, mke wangu. Yananiumiza tangu siku ya kwanza, na nimekuficha kwa sababu ulikuwa unayafurahia. Nilikuwa nampa mlinzi. Nilikuwa nakunywa juisi nyuma ya posta. Wewe hujakosea kitu. Yaani leo umekosea, ndiyo, lakini nyuma ya hapo hujakosea kitu."

"Kwa hiyo si mkono wangu?"

"Mkono wako uko vilevile. Hata ile ya siku ya kwanza niliipenda, na hii ya leo siwezi kuila. Nitolee nyama."

Dada mwenye watoto alikuwa ameweka kiganja mdomoni. Katika foleni nzima hakuna aliyeuliza oda yake iko wapi. Mama Mkubwa alimtazama mumewe kwa muda, midomo inacheza, nikadhani atalia. Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika meza.

"Amerudisha sahani," aliwaambia wenzake. "Jamani, mume wangu amerudisha sahani!"

Akavuta trei ndani. Akazitoa nyama mbili akaziweka pembeni, akatupa ile mikate iliyolowa, akachukua mipya. Safari hii aliangalia anachofanya. Paa kwanza, sosi ya kutosha, vitunguu vilivyokatwa vidogo sana, saladi ameitoa mishipa, jibini mbili kila upande. Akabinua. Meneja alikuwa ametoka ofisini kuona kwa nini watu hawasogei, akamkuta Injinia amesimama katikati ya jiko anakula zile nyama mbili kwa vidole, jambo ambalo kwetu ni kosa la kuandikiwa barua.

"Mama, na ile aproni ya mwisho wa mwezi?" meneja aliuliza.

"Aproni gani?" alijibu mdomo ukiwa umejaa.

Baba Mkubwa alikula taratibu, leso yenye meno iko mezani mbele ya watu wote, haimhusu mtu. Sosi ilimfika kidevuni. Alipomaliza, Mama Mkubwa akachungulia dirishani kama zamani, na sisi wote tukachungulia naye.

Dole gumba likapanda. Halafu likasita.

"Sosi," alisema Baba Mkubwa, "imezidi kidogo."

"Usizoee!" Mama Mkubwa alimfokea, na jiko zima likajua Injinia amerudi kazini.